Kwa Nini Chungu Hupasuka? Maswali Kuhusu Udongo wa Mfinyanzi na Vyombo vya Kauri

Wahenga walisema: udongo uwahi ungali maji. Methali hii hutumiwa zaidi katika mambo ya malezi, lakini maneno yake yametoka katika kazi ya ufinyanzi, nayo yana ukweli wa kisayansi. Udongo hukubali kupewa umbo kwa muda mfupi tu, wakati maji yaliyomo ndani yake yanatosha wala hayajapita kiasi. Ukishakauka, umbo lake haligeuzwi tena bila kuvunjika. Na ukishachomwa, hata ukilowekwa majini mwaka mzima, hauwi tena udongo.

Katika hatua hizo tatu, yaani kufinyanga, kukausha na kuchoma, ndipo mfinyanzi anapopata au kupoteza jasho lake. Kazi ya wiki nzima huweza kupasuka kwa muda wa nusu saa motoni. Hasara hiyo aghalabu husemwa kuwa ni bahati mbaya, hali kila mpasuko una sababu yake, na sababu hizo zinaelezeka kwa kemia na fizikia ifundishwayo katika shule za sekondari. Makala haya yanajibu maswali yaulizwayo mara kwa mara juu ya udongo wa mfinyanzi na vyombo vitokanavyo nao. Mwishoni yametolewa majaribio matatu yanayoweza kufanywa shuleni bila vifaa vya gharama.

1. Udongo wa mfinyanzi umetokana na nini?

Udongo wa mfinyanzi ni mwamba uliooza. Miamba kama matale ina madini yaitwayo feldispa, ambayo ndani yake mna potasiamu au sodiamu pamoja na aluminiamu, silikoni na oksijeni. Maji ya mvua yanapopita hewani na ardhini huyeyusha dioksidi ya kaboni, yakawa asidi hafifu. Asidi hiyo huishambulia feldispa polepole sana, kwa maelfu ya miaka. Potasiamu huchukuliwa na maji, na sehemu ya silika nayo huondoka. Kinachobaki hujiunga na maji na kuwa madini mapya yaitwayo kaoliniti, ambayo fomula yake huweza kuandikwa hivi: Al2O3.2SiO2.2H2O.

Pengine udongo huo hubaki pale pale ulipozaliwa. Hapo huwa mweupe na safi kwa kiasi fulani, nao huitwa kaolini. Katika vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam, kuna hazina kubwa ya kaolini iliyochanganyika na mchanga. Lakini udongo mwingi huchukuliwa na mito. Njiani chembe zake husagika zaidi, hujitenga na mchanga mzito, na huokota oksidi za chuma na mabaki ya mimea. Hatimaye hutuama mabondeni, kandokando ya mito na katika vinamasi. Huo ndio udongo wa kijivu, wa kahawia au mwekundu ambao wafinyanzi wengi wa Afrika Mashariki huuchimba.

Yafaa ikumbukwe kwamba si kila udongo unaonata unafaa. Udongo mweusi wa mbuga una aina nyingine ya madini ambayo hunywa maji mengi mno na kuvimba. Ndiyo sababu mbuga hupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Chombo kilichofinyangwa kwa udongo huo peke yake hupasuka vivyo hivyo.

2. Kwa nini udongo hufinyangika, na mchanga haufinyangiki?

Siri iko katika ukubwa na umbo la chembe. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo kupita kiasi. Nyingi hazifikii elfu mbili za milimita, yaani mm 0.002. Tena si za mviringo kama punje za mchanga, bali ni bapa kama karatasi. Maji yanapoingia kati yake, kila chembe huvikwa utando mwembamba wa maji.

Chukua vipande viwili vya kioo, uviloweshe na kuvibandika pamoja. Itaonekana kwamba ni rahisi kukitelezesha kimoja juu ya kingine, lakini ni vigumu kuvibandua kwa kuvivuta. Chembe za udongo hufanya hivyo hivyo. Kidole kikiusukuma udongo, chembe huteleza. Kidole kikiondoka, utando wa maji huzishika pale zilipofika. Punje za mchanga ni kubwa na hazina nyuso bapa za kushikana, kwa hiyo huporomoka.

Mfinyanzi anapoulaza udongo mbichi kwa siku kadhaa, kisha akaukanda au kuukanyaga, hafanyi hivyo kwa mazoea tu. Kuulaza huyapa maji nafasi ya kufika katikati ya kila bonge. Kuukanda huondoa mapovu ya hewa na kuufanya unyevu uwe sawa kila mahali.

3. Kwa nini wafinyanzi huongeza mchanga au vigae vilivyopondwa?

Udongo ulio laini mno ni mzuri kufinyanga lakini ni mbaya kukausha. Chembe zake zimebanana, maji ya ndani hayapati njia ya kutokea, na chombo husinyaa sana. Kwa sababu hiyo mfinyanzi huongeza kitu kisichonywa maji na kisichosinyaa, kama vile mchanga, changarawe laini, au vigae vya vyungu vya zamani vilivyopondwa.

Nyongeza hiyo ina faida tatu. Kwanza, hupunguza kusinyaa, kwa kuwa sehemu ya chombo sasa haina maji ya kupoteza. Pili, hufungua njia za kupitishia maji na mvuke. Tatu, baada ya kuchomwa, punje hizo huzuia ufa mdogo usiendelee: ufa unapofika kwenye punje au kwenye tundu dogo, nguvu yake hutawanyika. Vigae vilivyopondwa ni bora kuliko mchanga wa kawaida, kwa maana vimekwisha kupita motoni na tabia zake hulingana na udongo wenyewe. Sababu ya ubora huo itaonekana katika sehemu ya tano.

Nyongeza ikizidi, hata hivyo, udongo huvunjikavunjika mkononi. Kipimo cha wafinyanzi ni rahisi: udongo husokotwa ukawa kama kamba ya unene wa penseli, kisha huzungushwa kwenye kidole. Ukizunguka bila kuchanika unafaa. Ukichanika nyufa nyingi, mchanga umezidi au maji yamepungua.

4. Kwa nini chombo hupasuka hata kabla ya kuchomwa?

Maji yaliyo kati ya chembe yanapotoka, chembe husogeleana, na chombo hupungua ukubwa. Udongo wa kawaida husinyaa kwa asilimia 5 hadi 8 ya urefu wake, na ulio laini sana huzidi hapo. Kusinyaa kwenyewe hakuvunji chombo. Kinachokivunja ni kusinyaa kusikolingana.

Chukua mfano wa chungu kilichowekwa juani mara tu baada ya kufinyangwa. Mdomo wake ni mwembamba nao hupigwa na upepo, hivyo hukauka na kupungua. Kitako ni kinene, kingali na maji, bado hakijapungua. Mdomo unavuta, kitako kinakataa. Udongo mkavu hauna nguvu ya kustahimili mvuto huo, basi ufa hutokea, aghalabu kuanzia mdomoni kushuka chini. Vivyo hivyo mkono wa kikombe uliobandikwa ukiwa na maji mengi kuliko kikombe chenyewe hubanduka wakati wa kukauka.

Dawa yake ni tatu: kuta za chombo ziwe na unene ulio sawa, sehemu zinazounganishwa ziwe na unyevu ulio sawa, na ukaushaji uwe wa polepole kivulini. Kuufunika mdomo wa chungu kwa majani mabichi au kitambaa chenye unyevu huufanya usitangulie kukauka.

5. Ni mambo gani yatokeayo motoni?

Chombo kinachoonekana kikavu kabisa bado kina maji ya aina mbili. Ya kwanza ni unyevu mdogo uliobaki katika vinyweleo. Ya pili ni maji yaliyofungwa ndani ya madini yenyewe, kama fomula ya kaoliniti inavyoonyesha. Mabadiliko hufuatana hivi:

Kufikia nyuzi 100 za Sentigredi na kupita kidogo, unyevu wa vinyweleo hugeuka mvuke. Maji yanapogeuka mvuke katika nyuzi 100 huhitaji nafasi kubwa zaidi ya mara 1,600 kuliko mwanzo. Moto ukipanda polepole, mvuke hupata njia ya kutokea. Ukipanda ghafla, mvuke hunaswa ndani na kukipasua chombo kwa kishindo, vipande vikaruka. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya vyungu kupasuka motoni, nayo ndiyo rahisi kuizuia. Wafinyanzi wengi huvitanguliza vyombo pembeni mwa moto, au huwasha majani makavu ndani yake, kabla ya kuvirundikia kuni.

Kati ya nyuzi 450 na 600 hivi, maji yaliyofungwa katika madini hutoka. Kwa kaoliniti tupu uzito wake ni kama ifuatavyo: Al2O3 ni 102, SiO2 mbili ni 120, na H2O mbili ni 36, jumla ni 258. Basi maji ni 36 kati ya 258, yaani karibu asilimia 14. Kilo moja ya kaoliniti kavu hutoa gramu 140 za maji inapochomwa. Hapa ndipo udongo unapoacha kuwa udongo. Mpangilio wa madini umevunjika, na maji ya kawaida hayawezi kuurudisha. Chombo kilichotolewa motoni kabla ya kufika hapa huonekana kigumu, lakini kikitiwa maji huyeyuka na kuwa tope.

Katika nyuzi 573, punje za kwatzi, ambazo ndizo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, hubadili mpangilio wa fuwele zake na kupanuka ghafla. Chombo kinapopoa na kupita tena nyuzi hizo, punje husinyaa ghafla. Badiliko la haraka hapa huzaa nyufa nyembamba ambazo hazionekani ila kwa sauti: chombo kizima kikigongwa hulia kama kengele, chenye ufa hutoa mlio wa kufifia.

Kati ya nyuzi 600 na 900 hivi, mabaki ya mimea huungua na kutoka. Huu ndio upeo wa moto mwingi wa wazi, ule wa kuni, majani na magome usio na tanuri. Vyungu vya asili vya Afrika Mashariki kwa kawaida huchomwa katika upeo huo.

Kupita nyuzi 1,000, sehemu za udongo huanza kuyeyuka na kuwa kioo ambacho huziba vinyweleo na kuzigundisha chembe. Moto wa namna hii huhitaji tanuri lililojengwa, lenye kuta za kuhifadhi joto na njia ya kuvuta hewa.

6. Kwa nini vyungu vingine ni vyekundu na vingine vyeusi?

Rangi hutokana hasa na chuma. Hewa ikiwa nyingi motoni, chuma kilichomo katika udongo huungana na oksijeni ya kutosha na kuwa oksidi nyekundu, Fe2O3, ambayo ndiyo rangi ya kutu. Hewa ikiwa haba, moto hutoa moshi na monoksidi ya kaboni, na gesi hiyo huipokonya oksidi nyekundu sehemu ya oksijeni yake. Chombo hubaki cha kijivu au cheusi, hasa masizi yakiingia katika vinyweleo. Hivyo mfinyanzi anayevifunika vyungu kwa samadi au majani mabichi mwishoni mwa kuchoma anatawala mmenyuko wa kemikali, ingawa huenda halijui jina lake. Kaolini safi haina chuma cha kutosha, kwa hiyo hubaki nyeupe.

7. Kwa nini mtungi hupoza maji?

Mtungi uliochomwa katika moto wa wazi una vinyweleo vingi. Maji hupenya polepole hadi upande wa nje na kugeuka mvuke. Ili kugeuka mvuke yanahitaji joto, nayo hulichukua joto hilo kutoka katika mtungi na maji yaliyobaki.

Hesabu yake ni hii. Gramu 1 ya maji inapogeuka mvuke katika joto la kawaida huchukua karibu jouli 2,430. Tuseme mtungi una lita 10, na gramu 100 zimegeuka mvuke, yaani asilimia moja tu. Joto lililochukuliwa ni jouli 243,000. Kuzipoza lita 10 kwa nyuzi 1 huhitaji kuondoa jouli 42,000 hivi. Ukigawanya, maji hupoa kwa karibu nyuzi 6. Kwa kweli hupungua kidogo, kwa sababu hewa ya nje nayo huupasha mtungi.

Kwa hiyo mtungi hufanya kazi vizuri zaidi mahali penye hewa kavu na upepo, kama Dodoma wakati wa kiangazi, kuliko pwani wakati wa masika ambapo hewa imejaa unyevu. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta nje haupozi, kwa kuwa vinyweleo vimezibwa.

Lakini tahadhari inahitajika: maji baridi si lazima yawe maji salama. Mtungi wa kawaida haukutengenezwa kuchuja vijidudu vya maradhi. Maji yasiyo salama yachemshwe kwanza, ndipo yatiwe mtungini.

8. Kwa nini chungu hukaa juu ya mafiga, lakini bakuli la kauri hupasuka?

Kitu kinachopata joto upande mmoja hupanuka upande huo kabla ya mwingine. Katika chombo kilichobanana kama kioo, mvuto huo huzaa ufa, na ufa ukianza hupita moja kwa moja. Katika chungu chenye vinyweleo na punje nyingi, ufa mdogo hukutana na vizuizi na kukoma. Zaidi ya hayo kitako cha chungu ni cha mviringo, hakina pembe ambapo mvuto hujikusanya. Udhaifu wa chungu, yaani kuvuja kidogo na kuvunjika kikianguka, unatokana na vinyweleo vile vile vinavyokiwezesha kustahimili moto. Uvujaji hupungua chungu kipya kikipikiwa kwanza uji, kwani wanga huingia na kuviziba vinyweleo.

9. Kauri nyeupe ya Kichina ilitengenezwaje?

Wachina walichanganya kaolini na unga wa mwamba wenye feldispa, wakachoma katika nyuzi karibu 1,300. Feldispa huyeyuka na kuwa kioo kinachojaza nafasi zote, na ndani yake hukua fuwele za madini ya mulaiti zinazokipa chombo nguvu. Matokeo ni chombo cheupe, kisichovuja, ambacho kikiwa chembamba hupitisha mwanga. Jina la kaolini lenyewe limetoka kwenye kilima cha Gaoling karibu na mji wa Jingdezhen. Katika Ulaya siri hiyo haikufumbuliwa hadi mwaka 1708, Johann Friedrich Böttger alipofanya majaribio yake huko Ujerumani. Kiwanda cha Meissen kilianzishwa mwaka 1710.

Pwani ya Afrika Mashariki ilivijua vyombo hivyo karne nyingi kabla ya hapo kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Vigae vya kauri ya Kichina vimechimbuliwa Kilwa Kisiwani, na mabakuli yake yalipachikwa katika makaburi ya nguzo kama yale ya Kunduchi. Kigae hakiozi wala hakipati kutu. Kwa hiyo wataalamu wa mambo ya kale hukitumia kama ushahidi. Vyungu vya aina ya Urewe, vilivyopewa jina la mahali huko Nyanza nchini Kenya, na vya aina ya Kwale, vya karne za kwanza baada ya Kristo, vimesaidia kuonyesha mahali walipoishi wakulima na wafua chuma wa kale.

10. Je, vyombo vya udongo vina hatari yoyote?

Udongo uliochomwa bila kupakwa chochote kwa kawaida hauna madhara katika upishi. Hatari ziko mahali pengine, nazo ni tatu.

Ya kwanza ni risasi. Ganda la kioo linalopakwa juu ya vyombo ili ving'ae na visivuje hutengenezwa kwa silika pamoja na kitu cha kuifanya iyeyuke kwa urahisi. Zamani oksidi ya risasi ilitumiwa sana kwa kazi hiyo, na mahali pengine bado hutumiwa. Ganda lisilochomwa sawasawa huachia risasi, hasa likikutana na asidi ya ndimu, ukwaju, siki au maembe mabichi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Chombo cha pambo kilichopakwa rangi ambayo asili yake haijulikani kisitumiwe kwa chakula.

Ya pili ni vumbi. Udongo mkavu una chembe za silika ambazo zikivutwa kwa miaka mingi hutia makovu mapafuni. Karakana ya ufinyanzi isafishwe kwa maji, isifagiwe kavu. Na vigae vipondwe nje, penye upepo, au vikiwa vimeloweshwa.

Ya tatu ni kula udongo. Vipande vya udongo viitwavyo pemba huuzwa katika masoko mengi, na wanunuzi wengi ni wanawake wajawazito. Udongo huweza kuyashika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, na huweza kuwa na mayai ya minyoo au hata risasi. Ulaji wa udongo na upungufu wa damu mara nyingi huonekana pamoja. Mja mzito mwenye hamu hiyo asichekwe wala asifichwe, bali apelekwe kliniki apimwe damu.

11. Je, udongo una nafasi gani katika ufundi wa leo?

Nafasi yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Simenti huanza kwa kuchoma chokaa na udongo pamoja. Vihami vya nyaya za umeme na vya plagi za injini ni kauri, kwa kuwa kauri haipitishi umeme wala haiungui. Katika mkoa wa Pwani, viwanda vya vigae vya sakafu vilianza kazi Mkuranga na Chalinze katika miaka ya 2010.

Lakini mambo mawili yanamhusu mfinyanzi wa kijijini moja kwa moja. La kwanza ni jiko la mkaa lenye bakuli la udongo ndani ya kopo la bati, lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980. Udongo hupitisha joto kwa shida, kwa hiyo joto hubaki kwenye sufuria badala ya kupotea ubavuni, na mkaa hupungua. La pili ni chujio la maji. Udongo huchanganywa na pumba za mpunga au vumbi la mbao lililochekechwa, ukafinyangwa mfano wa ndoo na kuchomwa. Pumba huungua na kuacha matundu madogo mno. Maji hupita lita 1 hadi 3 kwa saa, na bakteria wengi hunaswa. Mara nyingi hupakwa pia kiasi kidogo cha fedha ambayo huua vijidudu. Virusi, kwa udogo wao, huweza kupita. Hivyo chujio hupimwa kabla ya kuuzwa, na lenye ufa hutupwa bila huruma.

Wanawake wa Kikisi, kwenye ufuko wa kaskazini-mashariki wa Ziwa Nyasa, wamesifika kwa muda mrefu kwa vyungu wanavyovifinyanga bila gurudumu na kuvipeleka kwa mitumbwi hadi soko la karibu na Matema. Ustadi wa mkono namna hiyo haupatikani vitabuni. Kinachoweza kuongezwa na shule ni vipimo: kupima kusinyaa, kupima vinyweleo, kupima joto. Methali husema mfinyanzi hulia gaeni. Vyombo vichache zaidi vikinusurika katika kila moto, huenda mfinyanzi naye akala katika chungu kizima.

Majaribio ya shuleni

Jaribio la 1: Kusinyaa. Finyanga kipande cha udongo kama rula, chenye urefu wa sentimita 14. Kwa sindano chora alama mbili zilizoachana milimita 100 kamili. Kikaushe kivulini kwa wiki moja, kisha pima tena. Alama zikiwa zimeachana milimita 93, kusinyaa ni asilimia 7. Rudia kwa udongo ulioongezwa robo ya vigae vilivyopondwa, ulinganishe.

Jaribio la 2: Kutenganisha. Tia udongo mkavu uliopondwa katika chupa nyeupe hadi robo, jaza maji, tikisa sana, kisha uache kwa siku mbili. Mchanga hutuama kwanza, udongo wa mfinyanzi mwisho. Pima unene wa kila tabaka.

Jaribio la 3: Vinyweleo. Pima kigae kikavu, kwa mfano gramu 200. Kichemshe majini saa mbili, kiache kipoe humo humo, kifute kwa kitambaa chenye unyevu, kisha pima tena. Kikiwa gramu 224, kimenywa maji asilimia 12. Linganisha kigae cha chungu, cha tofali na cha kikombe cha kauri.

Maswali ya mazoezi

1. Eleza kwa nini tofali bichi huyeyuka mvuani, na tofali la kuchoma haliyeyuki.
2. Chungu kimoja kilipasuka kwa kishindo mara baada ya moto kuwashwa. Kingine kilionekana kizima lakini kikigongwa hakilii. Toa sababu ya kila kimoja.
3. Udongo fulani una asilimia 50 ya kaoliniti, na sehemu nyingine ni mchanga mkavu. Kilo 2 zake zikichomwa hadi nyuzi 700, zitapoteza gramu ngapi za maji?
4. Mtungi wa lita 20 umepoteza gramu 150 za maji kwa mvuke. Kadiria nyuzi ambazo maji yamepoa, kisha taja sababu mbili zinazoweza kuifanya hesabu hiyo isilingane na kipimo cha kipimajoto.